Herufi zilizopigwa kwenye chuma: alama za bunduki, reli na vyombo vya wazee wetu

1. Utangulizi

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi watu wa Maniema ya kusini, wa teritware ya Kasongo na ya Kabambare, methali hiyo tumeiona kwa macho yetu. Karatasi nyingi za biro, za misikiti na za misheni zimeungua, zimeliwa na mchwa au zimetawanyika wakati wa vita. Wazee waliokuwa wanajua mambo kwa kichwa wanaondoka mmoja mmoja. Lakini kuna daftari moja ambalo mchwa hawaliwezi, na moto haulimalizi upesi. Daftari hilo ni chuma.

Ndugu msomaji, chukua chombo chochote cha zamani kilichobaki nyumbani kwenu: bunduki ya babu, mashine ya kushona, kufuli, panga, kipande cha reli. Kigeuze, kipanguse kutu, ukiweke kwenye mwanga. Mara nyingi utaona herufi mbili tatu, pengine namba, pengine taji au nyota ndogo kama punje ya mtama. Watu wengi wanazipita tu. Wengine wanasema ni mapambo. Wengine, nilipokuwa mtoto, walikuwa wanasema ni dawa ya Wazungu, ndiyo inafanya bunduki iue. Kumbe ni maneno. Kuna mtu aliyeyapiga kwa nyundo, kwa sababu maalumu, na mwenye kujua anaweza kuyasoma.

Nimeandika makala hii kwa sababu si jambo la kuchezea. Katika ukoo wetu, herufi tatu zilizopigwa kwenye mtutu wa bunduki zilikaribia kuvunja undugu, na herufi hizo hizo ndizo zilizotupatanisha.

2. Ugomvi wa bunduki ya ukoo

Upande wa Kabambare, katika nyumba ya ukoo wetu, kuna bunduki ya kushindilia kwa mdomo, ile ambayo wazee wanaiita gobori. Haijapiga tangu kabla sijazaliwa. Kazi yake ilikuwa kwenye matanga: mzee akifa, inatolewa, inawekwa karibu na jeneza, halafu inarudishwa mahali pake. Nyumba inayoitunza ndiyo inayotoa mkubwa wa ukoo. Munaona sasa ugomvi unatoka wapi.

Mababu zetu walikuwa ndugu wawili, baba mmoja. Nyumba ya mkubwa, ambayo ndiyo yangu, inasema bunduki ilitolewa na Tippo Tippu kwa mkono wake mwenyewe, huko Kasongo, akampa babu yetu kwa sababu alikuwa mnyampara wake hodari. Nyumba ya mdogo inasema hapana: bunduki ilipewa babu yao na Bula Matari, alipofanywa kapita. Siku ya matanga ya baba yetu mkubwa, maneno yakawaka. Mzee mmoja wa kwetu akasimama, akasema: "Iyi bunduki ni ya Tipotipo, baba alituambia vile, na baba hakuwa mwongo." Wa upande wa pili akajibu: "Baba yako hakusema uongo, lakini alikuwa hajui kusoma."

Neno hilo liliuma. Lakini lilikuwa na ukweli ndani yake. Tulikuwa na mashahidi wa masikio peke yake, na chuma kilikuwa pale pale mbele yetu, kimeandikwa, na hakuna aliyekisoma.

3. Herufi zilizokuja kabla ya karatasi

Tukumbuke kwanza bunduki zilifikaje kwetu. Karne ya 19, misafara ya watu wa pwani ilivuka Tanganyika, ikapita Kabambare, ikafika Nyangwe kwenye Lualaba na Kasongo. Walitafuta pembe za ndovu na watumwa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippo Tippu, alifanya Kasongo kuwa makao yake makubwa. Mji huo wa kale ulikuwa mahali panapoitwa leo Tongoni, mbali kidogo na mji wa sasa. Yeye mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake alichokiandika kwa Kiswahili, anasema jina lake lilitoka kwa mlio wa bunduki zake. Basi katika nchi yetu bunduki ilimpa mtu jina, na jina likashinda jina la kuzaliwa.

Bunduki hizo hazikutengenezwa pwani. Nyingi zilitoka katika miji ya mafundi wa Ulaya, hasa Birmingham ya Uingereza na Liège ya Ubelgiji, zikashushwa Unguja, zikabebwa kichwani mpaka huku. Kila moja ilikuwa na herufi. Lakini wenyewe waliozibeba, wale waliojua kusoma, walikuwa wanasoma herufi za Kiarabu. Mwungwana wa Kasongo aliweza kuandika barua ya Kiswahili kwa herufi hizo, aliweza kuandika hirizi na kuifunga kwenye kitako cha bunduki, lakini alama iliyokuwa kwenye mtutu wa bunduki hiyo hiyo kwake ilikuwa kama nyayo za ndege. Baadaye shule za misheni zilipoleta herufi za Kilatini, mambo yaligeuka: mwungwana mwenye elimu yake akahesabiwa kuwa mtu asiyejua kusoma. Hilo nalo ni jeraha ambalo watu wa Kasongo hawajalisahau.

Kuna mfano mmoja unaoonyesha jinsi karatasi ilivyokuwa adimu wakati chuma kilikuwa kimejaa. David Livingstone alikaa Kabambare miezi mingi, mgonjwa wa vidonda vya miguu, mpaka Februari 1871. Alipofika Nyangwe alikuwa amekwisha karatasi na wino. Akachukua gazeti la London la Novemba 1869, akaandika habari za siku zake juu ya maneno yaliyochapwa, kwa wino alioufanya kwa mmea wa huku. Juu ya karatasi hizo aliandika habari za tarehe 15 Julai 1871, siku watu wenye bunduki walipofyatulia soko la Nyangwe, wakaua mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza. Wino ule ulififia, na mwaka 2011 wataalamu waliusoma tena kwa kuupiga picha kwa taa za rangi mbalimbali. Wino ulififia katika miaka 140. Herufi za kwenye bunduki za siku ile, kama ziko mahali zimebaki, bado zinasomeka kwa jicho.

4. Jinsi ya kusoma mtutu

Kwa nini mafundi walipiga herufi? Kwa sababu mtutu mbovu unapasuka na kumuua mwenye kuushika. Ndiyo maana serikali za Ulaya zilifanya nyumba za majaribio. Huko mtutu unashindiliwa baruti nyingi kuliko ile ya kawaida, unafungwa mahali salama, unawashwa kwa mbali. Ukipasuka, unatupwa. Usipopasuka, unakaguliwa, na mkaguzi anaupiga muhuri karibu na mahali baruti inapowakia. Basi herufi nyingi za kwenye mtutu si jina la mwenye bunduki wala jina la mfalme aliyeituma. Ni cheti: kitu hiki kimejaribiwa, na waliokijaribu ni sisi.

Nitataja zile ambazo mtu wa kwetu anaweza kukutana nazo.

Herufi BPC pamoja na taji na fimbo mbili za kifalme zilizopishana ni za nyumba ya majaribio ya Birmingham, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1813. Mara nyingi karibu yake kuna alama nyingine kama hiyo yenye herufi V, maana yake mtutu umetazamwa. Herufi GP zilizofumwa pamoja chini ya taji ni za chama cha mafundi bunduki wa London.

Herufi GR chini ya taji, kwenye bamba la mtambo, ni jina la mfalme George kwa Kilatini. Wafalme wanne wa jina hilo walifuatana Uingereza toka 1714 mpaka 1830. VR ni malkia Victoria, 1837 mpaka 1901. Neno TOWER ni ngome ya London palipokuwa na ghala la silaha. Lakini hapa tuangalie sana: mafundi wa biashara waliiga neno TOWER na taji kwa sababu wanunuzi waliyapenda. Alama ya mtambo inaweza kuigwa, ndiyo maana inafaa kutafuta kwanza alama ya jaribio kwenye mtutu.

Sasa tufike Liège, maana huko ndiko zilikotoka bunduki nyingi za wakati wa Bula Matari. Alama yake ni duara lenye umbo la yai. Ndani yake, juu, kuna herufi E. Chini ya E kuna L na G. Chini kabisa kuna nyota. Ni kifupi cha maneno ya Kifaransa Épreuve de Liège, yaani jaribio la Liège. Alama hiyo ilitokana na amri ya mwaka 1810, wakati mji ule ulikuwa chini ya Ufaransa ya Napoleon. Nimesikia watu wakisema nyota ile ni nyota ya bendera ya Leopold. Hapana. Nyota ya Liège ilikuwako zaidi ya miaka 60 kabla ya bendera ile kupandishwa Kongo. Zimefanana tu, kama watu wawili wanaoitwa Ramazani.

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: tangu Julai 1893, duara la ELG lilipigwa likiwa na taji juu yake. Mtutu wenye ELG bila taji ulijaribiwa kabla ya hapo. Mtutu wenye ELG na taji ulijaribiwa baada ya hapo. Taji dogo kama kichwa cha sindano, lakini linagawa nyakati mbili.

Pembeni utaona pia herufi moja peke yake yenye nyota au taji juu yake: hiyo ni alama ya mkaguzi, mtu mmoja aliyekuwa na herufi yake. Na namba yenye nukta ndani, kama 17.1, ni upana wa tundu la mtutu kwa milimita.

5. Herufi moja, mahali pawili

Kuna kosa linalotupata sisi tuliosoma kidogo: tukiona herufi tunadhani ina maana moja kila mahali. Nilifunuliwa jambo hilo na kijana mmoja wa kwetu aliyepata kazi Lubumbashi ya kubeba mifuko ya wachezaji wa gofu, ule mchezo wa kupiga kipira kidogo kwa fimbo mpaka kiingie kwenye tundu. Alinieleza kwamba kila fimbo ina alama yake. Za chuma zina namba: namba ndogo inapeleka kipira mbali na chini, namba kubwa inakipandisha juu na kukiangusha karibu. Baada ya 9 namba zinaisha, herufi zinaanza. P ni fimbo ya kurusha kipira juu kwa mwendo mfupi. S ni ya kukitoa kwenye shimo la mchanga, kwa sababu kwa Kiingereza mchanga unaanza na herufi hiyo.

Nikamwambia: "Basi kila S ni mchanga." Akacheka sana. "Hapana, baba. S ya kwenye kichwa cha fimbo ni mchanga. S ya kwenye mpini ni ugumu." Kumbe mpini nao una herufi zake, zinazosema unapinda kiasi gani: L kwa wanawake, A kwa wazee ambao nguvu zimepungua, R kwa mtu wa kawaida, S kwa mwenye mkono mzito, X kwa aliyezidi huyo. Fimbo moja inaweza kubeba S mbili, na moja haihusiani na nyingine. Kijana yule, akimpa bwana wake fimbo isiyofaa, anagombezwa. Ndiyo maana alijifunza haraka.

Basi hii ndiyo kanuni ninayowaachia: usiulize kwanza herufi ni gani, uliza iko wapi na nani aliipiga. Kwenye bunduki ni vilevile. Herufi ya kwenye mtutu ni ya mjaribu. Ya kwenye bamba la mtambo ni ya mwuzaji au ya mfalme. Ya kwenye mbao za kitako mara nyingi ni ya serikali au ya mwenye mali. Ukichanganya sehemu hizo tatu, utatoa hadithi nzuri ambayo haikutokea.

6. Sheria ya mwaka 1890

Alama za kwenye kitako zina historia yao. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba huko Brussels, wakisema ni kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa. Ndani ya mkataba huo kuna sehemu ya silaha. Bunduki za kisasa zilikatazwa kuingia katika sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa kwa askari wa serikali na watu wachache wenye ruhusa. Kwa biashara ya kawaida waliacha nafasi kwa zile za gumegume zisizo na mifereji ndani, pamoja na baruti ya hali ya chini. Na mtu mwenye ruhusa, bunduki yake iliandikwa kwenye daftari, ikapigwa alama, naye akapewa cheti chenye jina lake na mfano wa alama ile.

Fikirini maana yake. Kabla ya hapo, herufi ya kwenye chuma ilisema: bunduki hii ni nzima. Baada ya hapo, alama ilisema pia: mtu huyu anajulikana. Kitu kilichoanza kuwa ulinzi wa mnunuzi kikawa kamba ya kumfunga mwenye nacho. Masefu waliotambuliwa na serikali ile walipewa medali ya kuvaa shingoni. Senti za shaba zilizotolewa tangu 1887, zile zenye tundu katikati, zilikuwa na herufi L mbili, ya Leopold. Bunduki, medali, senti: vyote vilisema jina la mtu mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga nchi yetu.

7. Tulichokisoma kwenye bunduki yetu

Baada ya matanga yale, wazee walikubali bunduki ichunguzwe, mbele ya nyumba zote mbili, mchana, uwanjani. Fundi wa vyuma alipitisha fimbo ndani ya mtutu kwanza, kuhakikisha hakuna baruti ya kale iliyobaki. Kisha tukapangusa kwa mafuta ya mawese na kitambaa. Hatukutumia tupa.

Upande wa kushoto, karibu na mahali pa fataki, lilitokea duara la yai. E. Halafu L na G. Nyota. Watu wakasogea. Na juu ya duara, kidogo kabisa, taji.

Mimi ndiye niliyetakiwa kusema, na mimi ni wa nyumba ya mkubwa. Nilikaa kimya kitambo. Maana hesabu ilikuwa wazi. Tippo Tippu aliondoka Kongo mwaka 1890, akafika Unguja 1891, na hakurudi tena mpaka alipokufa huko mwaka 1905. Askari wa Serikali Huru wakiongozwa na Dhanis waliingia Nyangwe tarehe 4 Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili 1893. Taji la Liège lilianza Julai mwaka ule ule. Siku mtutu wetu ulipopigwa taji, Tippo Tippu alikuwa Unguja, na Kasongo ilikuwa imekwisha kuanguka. Hakuweza kumpa babu yetu bunduki hiyo, kwa mkono wake, huko Kasongo. Kwenye kitako tulikuta pia namba iliyochomwa kwa chuma cha moto, kama ya kitu kilichoandikwa kwenye daftari.

Nyumba ya mdogo walianza kupiga vigelegele. Mzee wao mwenyewe, yule aliyesema maneno ya kuuma, akawanyamazisha. Akasema: "Musishangilie. Munajua kapita alikuwa anafanya kazi gani?" Watu wakanyamaza. Kila mtu katika Maniema amesikia kutoka kwa bibi yake jinsi mpira na pembe vilivyokusanywa wakati ule, na nani alisimama na bunduki nyuma ya watu wa kijiji. Nyumba ya mdogo ilikuwa imepata bunduki, na pamoja na bunduki ilipata mzigo.

Na sisi wa nyumba ya mkubwa, tulikuwa tumepoteza nini? Tulikuwa tunajivunia kwamba babu alipewa silaha na mtu ambaye misafara yake ilifunga watu minyororo. Ukweli ni kwamba hakuna bunduki ya ukoo ya wakati ule iliyo safi. Tulikuwa tunagombania nani alirithi heshima, kumbe tulipaswa kuulizana nani alilipa.

Tena niseme wazi mipaka ya ushahidi huu, maana chuma hakisemi uongo, lakini hakisemi yote. Alama inapanga wakati wa mtutu tu. Mtambo unaweza kuwa wa kale zaidi, kitako kinaweza kuwa kimebadilishwa na seremala wa hapa. Alama haisemi nani aliibeba siku gani. Inawezekana babu yetu mkubwa alikuwa mnyampara kweli na alikuwa na bunduki nyingine iliyopotea. Hadithi ya baba zetu haikuwa uongo wote. Ilishikizwa kwenye chuma kisichokuwa chake.

8. Herufi za reli na herufi za vita

Tusifikiri kwamba mambo haya yanahusu bunduki peke yake. Watu wa Kasongo wanaopitia Samba wameona reli. Kwenye ubavu wa reli kwa kawaida kuna herufi zilizoinuka, si zilizozama. Zilizoinuka zilizaliwa pamoja na chuma, kiwandani, kilipokuwa chekundu bado: jina la kiwanda, mwaka, uzito wa mita moja. Zilizozama zilipigwa baadaye.

Herufi zilizojulikana zaidi na wazee wetu ni CFL, yaani Compagnie des Chemins de fer du Congo supérieur aux Grands Lacs africains, sosieti iliyoanzishwa mwaka 1902. Njia yake ya Kindu mpaka Kongolo, kilomita 355, ilijengwa kwa jasho la watu wa Maniema. Mwaka 1974 sosieti za reli ziliunganishwa ikawa SNCZ, Z ya Zaire. Zaire ilipoondoka mwaka 1997, Z ikaondoka, ikawa SNCC. Hivyo behewa moja la zamani linaweza kuwa limebeba majina matatu, rangi juu ya rangi. Ni historia ya nchi nzima kwenye ubao mmoja.

Halafu kuna herufi ambazo afadhali watoto wetu wasingezijua. Wakati wa uasi wa Simba mwaka 1964, na baadaye katika vita vya 1996 na 1998 mpaka 2003, silaha za aina nyingine ziliingia Kasongo na Kabambare. FN ni kiwanda cha Herstal, karibu na Liège ile ile, kilichoanzishwa mwaka 1889. Kwenye kalashinikofu ya Kirusi, kitasa cha upande kina herufi mbili za Kirusi za kupiga mfululizo na mbili za kupiga moja moja. Kwenye nyingi za Kichina wameweka L na D: L ni mfululizo, D ni moja moja. Kuna kadogo waliotoka kwetu ambao walijua D na L hizo kabla mwalimu hajawafundisha zile za ubaoni. Nilimfundisha mmoja wao aliporudi. Nilipoandika D ubaoni nikauliza nani anaijua, alinyoosha mkono wa kwanza. Sikumwuliza aliijulia wapi.

9. Hitimisho: tufanye nini?

Leo wanunuzi wa vyuma chakavu, wengine wanaviita mitrai, wanapita mpaka vijijini. Wanapima kwa kilo. Sufuria iliyotoboka na mtutu wenye miaka 130 ni bei moja. Siwezi kumlaumu mama anayeuza chuma ili alipe ada ya shule. Lakini kabla ya kuuza, tunaweza kusoma. Haigharimu kitu.

Njia ni rahisi. Kwanza, kama ni bunduki, mwite mtu anayejua, ahakikishe haina kitu ndani. Gobori ya kale imewahi kuua watu walioidhania imekufa. Pili, pangusa kwa mafuta na kitambaa, usikwangue, maana tupa inafuta kutu pamoja na herufi. Tatu, weka karatasi nyembamba juu ya alama, sugua taratibu kwa kalamu ya risasi au mkaa mwororo, mpaka herufi itokee yenyewe. Nne, andika pembeni: chombo gani, alama iko sehemu gani, imeinuka au imezama, imetoka nyumba ya nani, na wazee wanasema nini juu yake. Maneno ya wazee yaandikwe hata kama alama inayapinga, maana kesho tunaweza kugundua kwamba sisi ndio tuliosoma vibaya.

Ukoo wetu ulifanya hivyo. Karatasi yenye duara, taji na nyota imebandikwa kwenye daftari kubwa, chini yake yameandikwa maneno ya nyumba zote mbili, na wazee wote wametia vidole. Ukubwa wa ukoo haukutolewa kwa sababu ya bunduki tena. Wazee walikaa, wakachagua mtu kwa tabia yake. Bunduki yenyewe imerudi mahali pake. Kwenye matanga yaliyofuata haikuwekwa karibu na jeneza. Iliwekwa daftari.